Kivuli Upande wa Kibla

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimenunua daftari hili kwa sababu nina miaka sabini na miwili, na mbele ya baraza la kata mtu wa umri huo huambiwa amesahau. Nitaandika mpaka shauri liishe, hata kama siku nyingine ni mstari mmoja.

Shauri lenyewe ni hili. Marehemu baba yangu, Mzee Dadi, aliyekuwa muadhini wa Mapinga, aliacha shamba. Sehemu kubwa alirithi kaka yangu Muharami, na Muharami alipofariki ikawa ya mwanawe, Najim. Najim anauza viwanja kwa watu wanaofanya kazi mjini. Hiyo ni haki yake. Lakini kiwanja kilicho karibu na kisima ndipo alipozikwa mama yangu, Mwajabu binti Mrisho, Desemba 1978. Najim anasema hapo hapajawahi kuwa na kaburi. Kokoto za mnunuzi zimekwisha kumwagwa. Kinachozuia msingi kuchimbwa ni matope tu. Mvua ikikatika, watachimba.

Nilikwenda mwezi uliopita. Majani yamefika kiunoni, na sikuweza kuonyesha mahali kwa kidole. Najim alisimama na funguo zake akizichezesha. “Shangazi, tuonyeshe basi. Au limehama?”

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Nimeipata picha niliyokuwa nikiitafuta. Ilikuwa ndani ya sanduku la barua. Muharami aliipiga na kuniletea Songea nilikokuwa nikifundisha. Nyuma ameandika: “Baba, Mapinga, Jumapili 12 Agosti 1984, adhuhuri.” Baba amesimama, kisima kiko kushoto kwake, na mbele ya miguu yake ni mahali pa kaburi. Kisima kile kiko upande wa kibla wa kaburi, yaani kaskazini. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini picha imefifia. Miguu na ardhi vimekuwa rangi moja.

Jumatano, 9 Aprili

Nimempelekea katibu wa baraza. Aliigeuza mara tatu.

“Mwalimu, mimi hapa naona moshi.”

Nikamwambia aone vizuri. Akasema macho yake ni mazima, ila picha ni mgonjwa. Shauri ni Alhamisi ijayo.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua, kisha manyunyu.

Nimekwenda Dunda, Bagamoyo mjini, kwenye studio ya Sabiha, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Batuli. Studio iko kati ya fundi cherehani na muuza chipsi. Sijawahi kuiheshimu kazi yake, na sikumficha. Hupiga picha za pasipoti, na bibi harusi huwang'arisha mpaka mama zao wasiwajue.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Punguza huo muziki.”

Akauzima kabisa. Aliiweka picha chini ya kifuniko cha mashine, na baba yangu akatokea katika kompyuta, mkubwa kuliko nilivyomwona kwa miaka mingi. Sabiha alifuta mikwaruzo mmoja mmoja. Nakiri kwamba mkono wake ni mtulivu. Nilidhani angeparaza tu.

“Bibi, hapa mkononi mwake kuna kitu cheusi. Nini hiki?”

“Ukungu. Picha imekaa sandukuni miaka arobaini. Ufute.”

“Una hakika?”

“Sabiha, nimekwambia uufute.”

Akaufuta. Kisha akauliza mawe ya kaburi yako wapi. Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu: hapa, hapa, hapa, na hapa. Manne.

“Mimi naona majani tu.”

“Wewe hukuwapo. Mimi nilikuwapo yalipowekwa, nikitazama kwa mbali.”

Akanieleza jinsi inavyofanywa. Jiwe halionekani kwa sababu picha imepoteza mwanga wake na kivuli chake. Ukiweka weupe kidogo juu yake na giza upande mmoja, linainuka. Kitu kisicho na kivuli huonekana kinaelea, hata kiwe jiwe. Kila alichoongeza alikiweka juu ya picha kama karatasi nyembamba, akaniapia kwamba ya chini haiguswi. Halafu akauweka mkono wake mapajani.

“Lakini Bibi, hii sasa si kusafisha. Hii ni kuchora.”

“Mawe yalikuwapo. Kuonyesha kilichokuwapo si uongo.”

Aliigeukia tena kompyuta. “Haya. Jua lilikuwa wapi?”

Nikafumba macho. Niliwaona wanaume wakirudi nyuma na majembe yao, jua limesimama utosini, na vivuli vifupi vya mawe vimelala kuelekea kisimani.

“Kivuli upande wa kisima,” nikasema. “Upande wa kibla. Kifupi.”

Akachora. Mawe manne yakainuka kutoka ardhini kama yaliyowekwa jana.

“Kivuli kinafunika miguu ya babu,” akasema.

“Kifunike.”

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Sikutoka.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua kubwa juu ya bati. Tulikuwa tukisemeshana kwa sauti ya juu kama wagomvi, hata wasiogombana.

Mwenyekiti wa baraza ni Bi Chausiku, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Nilimkabidhi picha mpya. Ilipita mkono hadi mkono. “Mawe haya hapa,” alisema mjumbe mmoja, Mrisho, asiye wa ukoo wetu, na wengine wakaitikia.

Najim aliishika kwa vidole viwili. “Hii picha imepigwa au imepikwa?”

Watu walicheka. Nilisimama nikasema kwamba picha ilikuwa imefifia, nayo imesafishwa, na kwamba aliyeipiga ni baba yake mwenyewe. Nilifurahi, naandika ukweli, nilifurahi kumwona amenyamaza.

Shahidi wa Najim ni Sheikh Mbaruku. Ujanani alipata kuishi jirani na kisima, lakini mama alipozikwa alikuwa Tanga. Alisema tu kwamba hakuwahi kuona kaburi pale, ila hakuwahi pia kulitafuta. Kisha akaiomba picha. Aliitazama muda mrefu mpaka katibu akakohoa.

“Ilikuwa saa ngapi, Mwalimu?”

“Adhuhuri.”

“Mwezi gani?”

“Agosti. Imeandikwa nyuma.”

“Haya,” akasema, akairudisha.

Bi Chausiku ameahirisha mpaka tarehe 8 Mei. Hadi siku hiyo hakuna kuchimba. Nilirudi nyumbani nimeshinda. Lakini kwa nini Mbaruku aliuliza mwezi?

Ijumaa, 18 Aprili

Mawingu. Kwa nini aliuliza mwezi?

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua asubuhi, mawingu adhuhuri. Mbaruku alijifunza uadhini kwa baba yangu. Si mtu wa maswali ya bure.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeitoa nakala ya picha mara nne leo, na mara nne nimeirudisha mahali pake. Mawingu. Ua mzima hauna kivuli hata cha kuku.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo jua limetoka.

Lilitoka ghafla, watu wakienda msikitini. Nilikuwa uani nikianua nguo. Mti wa kamba ya nguo ulitupa kivuli kifupi, nacho kikalala kuelekea jikoni. Jiko langu liko kusini. Nilisimama na shuka mkononi.

Nikachukua ufagio, nikachomoa njiti moja, nikaichomeka ardhini ikasimama wima, kama baba alivyokuwa akifanya. Kivuli chake: kusini. Kilikipa kibla kisogo.

Ningewezaje kusahau? Baba alitufundisha tukiwa wadogo, hata kuandika hatujui. Kaskazi ikivuma, kivuli cha adhuhuri huelekea kibla. Masika yakiingia hugeuka, na hakirudi mpaka vuli ikaribie. Agosti ni katikati ya kusi. Kivuli cha Agosti hakiwezi kulala kisimani. Nilichokiona nilipofumba macho kilikuwa kivuli cha Desemba, cha siku tuliyomzika mama. Nilikitoa siku ile nikakiweka katika picha ya siku nyingine, na kwa sauti ya mwalimu.

Hapana mtu mwingine Bagamoyo atakayeliona isipokuwa mimi na Mbaruku.

Wingu lilirudi kabla swala haijatoka. Njiti bado imesimama uani. Sijaing'oa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekaa na jambo hili tangu asubuhi. Kama ni kivuli tu, nitasema fundi alikosea upande. Nitamtupia Sabiha. Niliandika sentensi hiyo hapa, nikaisoma, na imenitia aibu, naiacha ibaki. Sabiha ndiye aliyesema hii ni kuchora. Mimi ndiye niliyesema kifunike.

Tena si kivuli tu. Ni mawe pia. Picha haikuwa na mawe.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua nusu siku. Watu wanashukuru. Mimi natazama barabara ya Mapinga ikikauka.

Ijumaa, 2 Mei

Jua. Najim alipiga simu. Sauti yake haikuwa na kejeli leo. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

“Shangazi, mnunuzi ananisumbua. Nikuulize bila watu. Una hakika na kaburi?”

“Nina hakika.”

“Na picha je?”

Nilimwambia mvua imeanza, simsikii. Nje hapakuwa na hata tone.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya alasiri mtu alipiga hodi. Sheikh Mbaruku, na matope hadi kwenye pindo la kanzu.

“Karibu, Sheikh.”

“Starehe, Mwalimu. Naketi hapa hapa barazani, nisikuchafulie.”

Tulijuliana hali za watoto, za wajukuu, za goti lake na za macho yangu. Kahawa akainywa hadi chini ya kikombe. Kisha akasema, “Mimi ni shahidi wa Najim. Haifai niwe hapa.”

“Basi mbona umekuja?”

“Kijiti cha kupimia kivuli nilikabidhiwa na baba yako, mkononi. Alhamisi wataniuliza nimeona nini katika ile picha. Nikiulizwa nitasema. Lakini nisingependa walisikie kwangu kwanza.”

“Mama yangu yuko pale, Mbaruku.”

“Huenda yuko. Picha yako haisemi hivyo. Picha yako inasema kwamba Agosti jua lilipita kusini.”

Nimewasimamisha wanafunzi mbele ya darasa kwa makosa madogo kuliko hilo.

“Nikiitoa picha, sina kitu,” nikasema.

“Ndiyo,” akasema. Akasimama, akavaa viatu vyake. “Lakini kama mama yako yuko pale, yuko pale na picha na bila picha.”

Jumatano, 7 Mei

Manyunyu. Nilikwenda Dunda asubuhi. Nilimwambia Sabiha kosa langu, lote, nimesimama. Nilitarajia acheke, au anikumbushe.

“Kaa, Bibi,” akasema tu. “Ya chini haijaguswa. Naziondoa moja moja.”

Akaondoa kivuli. Miguu ya baba ikarudi, hafifu. Akaondoa weupe, na mawe yangu manne yakazama katika majani kama hayakuwahi kuwapo. Hilo liliniuma kuliko nilivyojiandaa. Mwisho akaondoa alipofuta, na lile doa jeusi likarudi mkononi mwa baba.

“Nikuongezee mwanga kidogo tu, picha nzima kwa pamoja? Hapo hakuna kinachoongezwa.”

“Mbele ya baraza utaapa hivyo?”

“Nitaapa.”

Nilimwambia kwamba kazi yake ni nzuri. Akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 8 Mei

Naandika hili nikiwa na nguvu bado, kabla ya magharibi.

Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Mnunuzi mwenyewe alikuja, kijana mwenye adabu, na mkewe mjamzito. Nilikuwa nimemchukia mtu huyu bila kumwona.

Niliomba kusema kwanza. Nilisema: picha niliyoleta tarehe 17 si ya kweli. Mawe yamechorwa. Kivuli kimechorwa, tena kimechorwa upande usio wake. Aliyechora ni mjukuu wangu, aliyeamuru ni mimi, naye alinionya. Naiondoa.

Najim aliruka kitini. “Si niliwaambia? Imepikwa! Na chumvi imekolea!”

Walicheka wote, hata katibu. Nilisimama nikasubiri wamalize, kama nilivyokuwa nikisubiri madarasa.

“Mwalimu,” akasema Bi Chausiku, “unafahamu ulichofanya? Ukiiondoa hii, umebaki na neno lako. Na neno lenyewe umelitia doa.”

“Nafahamu.”

Nikaiweka mezani picha halisi, pamoja na nakala kubwa ya Sabiha. Sabiha akaapa kwamba ameongeza mwanga tu. Bi Chausiku akamwita Mbaruku aeleze kuhusu kivuli.

“Mwalimu amekwisha kusema,” akajibu. “Sina la kuongeza.” Lakini hakuketi. Alivaa miwani, akainamia nakala. “Mzee ameshika nini hapa?”

“Ukungu,” nikasema. Lilinitoka lenyewe.

“Si ukungu,” akasema Sabiha. Aliivuta picha katika simu yake, ikawa kubwa. “Ukungu hauna kanda.”

Mbaruku aliitwaa simu, akaipeleka mbali na macho, akaileta karibu. “Makubadhi,” akasema. “Ameshika makubadhi yake. Na miguu iko mitupu.”

Hakuna aliyeelewa, wala mimi. Akawageukia wajumbe.

“Sehemu ile imejaa mbigili, leo kama zamani. Mzee Dadi nimetembea naye shamba lile miaka sita, sijamwona kuvua. Alikuwa akivua mahali pawili: msikitini na makaburini. Na pale hapana msikiti.”

Mvua ilianza juu ya bati, kidogo kidogo.

“Labda alikuwa anakwenda kisimani kutawadha,” akasema Najim.

“Anayekwenda kutawadha huvua kisimani, mwanangu. Havui mbali akakanyaga mbigili.” Kisha, kwa upole: “Wewe ulipata kumjua babu yako. Hakukuchapa kwa kuingia na viatu makaburini?”

Mkono wa Najim ukaenda kwenye paja, akaushusha haraka. Niliona. Nadhani na Bi Chausiku aliona.

Kitu kile nilikiita ukungu. Nilimwamuru Sabiha afute ushahidi pekee niliokuwa nao, kisha nikamfanya aifunike miguu ya baba kwa kivuli cha uongo.

Uamuzi: Jumamosi baraza litakwenda Mapinga. Watapima kutoka kisimani kwa kuifuata picha, na kukwangua udongo wa juu tu. Likionekana jiwe la kaburi, sehemu ile inatolewa katika kiwanja na mnunuzi atafidiwa upande wa pili. Lisipoonekana, mimi naliacha shauri na msingi unachimbwa. Nimeweka sahihi. Najim ameweka sahihi.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Sikuweza kula.

Jumamosi, 10 Mei

Mawingu mazito, bila mvua. Tulikuwa tisa. Mrisho alishika jembe. Sabiha alisimama mahali aliposimama Muharami na kamera yake, akiwaelekeza kwa mkono: kushoto kidogo, rudini, hapo. Baba angesimama hapo.

Pa kwanza palikuwa na mizizi. Pa pili, kigae cha chungu. Mnunuzi alikuwa amemshika mkewe mkono. Pa tatu jembe lililia.

Mrisho alipiga magoti, akasafisha kwa kiganja. Jiwe la tumbawe, limesimamishwa wima kwa mkono wa mtu, limezama hadi kichwani. Hatua mbili na nusu upande wa magharibi, la pili. Kichwani na miguuni.

Nikaanza kuyaendea.

“Shangazi, ngoja, pana utelezi,” akasema Najim nyuma yangu. Alikuja akanishika kiwiko. Tukafika ukingoni mwa pale palipokwanguliwa, akasimama. Nilidhani ameghairi. Alikuwa ameinama, anafungua kamba za viatu vyake, kimoja, halafu cha pili. Alivishika mkononi. Kisha akachuchumaa katika matope, akanivua vyangu.

Tukasoma Fatiha. Sabiha alipiga picha moja. Hapakuwa na jua. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kivuli.

Mrisho aliendelea kukwangua pembeni kwa muda, akitafuta mawe mengine mawili, kwa sababu mimi nilisema ni manne. Niliapa manne, nikayachora manne. Nilimwambia aache.

Mawe ni mawili. Naandika kwa wino: mawili.